Mtu Aliyetazama Dari

Mwenye nyumba wetu wa Muhima hakumtazama mtu usoni kabla hajamaliza kutazama dari. Aliingia chumbani, chako au cha mwingine, akainua kidevu, akazungusha macho pembe zote nne, akayarudisha katikati palipo na taa, kisha ndipo akashusha uso na kukusalimu, kana kwamba dari ndilo mwenyeji na wewe ni kitu kilichosahauliwa sakafuni. Nilimwona akifanya hivyo dukani, zahanatini, na hata katika ofisi moja ya serikali alikoitwa kujieleza. Karani alimngoja amalize.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Katika miaka ile watu waliouliza nasaba ya mtu mjini Kigali hawakuuliza kwa heri, na hilo ni swali pekee ambalo najivunia kutomuuliza. Nilimjua kuanzia 1990 hadi mwanzoni mwa 1994. Yaliyofuata yanajulikana, na ni mazito mno kuyabebesha hadithi ya taa. Sitayaazima ili kuikuza. Nitasema tu kwamba yalipoanza nilikuwa Bukoba kikazi, na kwamba niliporudi nilimuulizia mwenye nyumba na watu watatu wakanipa majibu matatu. Ninayemweleza hapa ni mtu aliyekuwa hai, mwenye afya njema, na ambaye nilimdharau kwa moyo wangu wote. Ni mtu aliyemnyima mwanga mwanamke aliyekula kwa mwanga. Nami, mwenye shahada, ndiye niliyemshikia ngazi.

Jengo lake lilikuwa la ghorofa moja, fleti mbili chini na mbili juu, limechimbiwa ubavuni mwa kilima kama jino kwenye ufizi. Sisi wa juu tulikuwa na veranda inayotazama bonde. Wa chini walikuwa na veranda yetu, maana iliwafunika. Mimi niliishi juu, kushoto. Nilikuwa mfasiri katika kampuni moja ya malori yaliyoleta mizigo kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa nimesoma lugha chuo kikuu, Tanzania, miaka minne, nikaandika tasnifu ambayo msimamizi wangu aliiita ya kuahidi. Ahadi hiyo ilitimia katika kutafsiri orodha za vipuri.

Katika mfuko wa shati, pale wafanyabiashara wenzake walipochomeka kalamu, mwenye nyumba alichomeka bisibisi ya kupimia umeme, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Alipimia soketi, aliashiria kwayo akizungumza, alijikunia sikio, na mara moja, nyumbani kwangu, alikorogea chai yangu. Hodi hakubisha. Alikohoa mara mbili mlangoni akaingia, kwa hoja kwamba mlango ni wake. Alikuwa na funguo za fleti zote, na tukiwa kazini alizunguka akibadilisha balbu. Uliacha ya wati mia asubuhi, ukarudi ukakuta ya arobaini, nayo imefutwa vumbi vizuri, kama mtu aliyekuibia mkate akakuachia sahani safi. Nililalamika mara moja.

“Musomi,” alisema, maana ndivyo alivyoniita, “mwanga mingi inaonyesha uchafu. Mimi nakuficha.”

Alikuwa na misemo ya aina hiyo, yote yake mwenyewe, yote kuhusu juu na chini. Sakafu iko ya miguu, dari iko ya macho. Mutu masikini anaangaria chini, anatafuta kile aliangusha. Mugeni akiingia, anaangaria juu. Basi juu ndiyo unamupokea. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini kwetu, kilichookotwa sokoni na kwa madereva, na alikisema bila aibu yoyote. Mimi, niliyekisomea, nilikuwa nikikunja uso kila alipotamka. Leo naona kwamba katika ujinga wangu wa wakati ule huo ndio ulikuwa wa bei ghali zaidi: nilidhani mtu anayekosea ngeli hawezi kunishinda kwa hoja.

Kwake mwenyewe, Kagarama, hakukuwa na dari. Nilifika mara moja kumpelekea barua. Nilikuta sebule yenye makochi mawili na boriti wazi, na balbu moja imening'inia kwenye waya uliopakwa moshi. Mwenye nyumba alikuwa ameketi chini yake akimenya viazi, mgane wa miaka mingi, binti yake akiwa shuleni. Nilimuuliza mbona kwake hajaweka dari, yeye bingwa wa madari. Alinitazama kama mtu aliyesikia swali la kitoto.

“Kwangu nani anakuja?”

Ningeweza kumhurumia siku ile. Sikumhurumia. Niliondoka nikifurahi kwamba nimepata jambo la kuwasimulia wenzangu ofisini.

Kuna jambo jingine ambalo lilinisumbua zaidi, kwa sababu halikuingia katika picha niliyokuwa nimemchorea. Mtu akifiwa, awe mpangaji au jamaa wa mpangaji au jirani wa mitaa mitatu, mwenye nyumba alifika kabla ya ndugu. Alikuja na mzingo wa waya begani, mita hamsini hivi, akaomba umeme kwa jirani mwenye nao, akaupitisha juu ya miti na mapaa, akaning'iniza uani balbu ya mia, kioo cheupe, ili watu wakeshe wakionana. Alirudi kuuondoa matanga yakiisha, na sikumsikia akilitaja jambo hilo tena. Baba yangu alipofariki, Nyamirambo, nilifika nikamkuta mwenye nyumba yuko juu ya kiti, mdomoni ameng'ata waya, anafunga fundo. Kaka yangu alikuwa bado njiani. Walio hai aliwapimia arobaini. Waliokufa aliwapa mia. Ilinibidi nimshukuru, na kumshukuru mtu unayemdharau ni kama kula kwa mkono wa kushoto.

Chini yangu aliishi Mama Zuhura, fundi cherehani. Babu yake alikuja kutoka pwani na mizigo ya vitambaa, akaoa huku, hakurudi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na alijua hilo, nami nilijua kwamba anajua. Alikuwa akishona sare za shule, makanzu, na suti za wanaume waliokuwa na haraka ya kuoa. Mimi alinishonea suruali.

“Shahada imekunenepesha kiuno, mwanangu,” aliniambia utepe ukiwa mikononi mwake, ingawa alinizidi miaka minane tu. “Elimu huwa inapanda kichwani. Yako imepotea njia.”

Ukumbi wake ulikuwa giza saa sita mchana, kwa sababu ya kilima kwa nyuma na veranda yetu kwa mbele. Alishona kwa taa tangu asubuhi. Na taa yake aliitengeneza mwenyewe: waya mrefu kutoka kwenye boriti, ndoano ya kuupandisha na kuushusha, balbu, na juu ya balbu kofia aliyoikata kwenye kopo la maziwa ya unga, upande wa ndani ukiwa umesuguliwa hadi unang'aa. Akiwa na kazi ya kushona aliishusha hadi shubiri moja juu ya sindano. Akiwa na mgeni aliipandisha. Mwenye nyumba aliwahi kubadilisha balbu yake mara moja tu. Mama Zuhura alimrudishia ile ya arobaini mkononi, mbele ya wateja, na kumwambia, kwa neno la kwetu la bosi, “Patroni, umeisahau hii kwangu.” Hakurudia.

Kisha ukaja mwaka 1992, na maneno ya mazungumzo ya amani, na magari meupe ya mashirika yakazidi mjini. Wageni walitafuta nyumba. Mwenye nyumba aliamua kukarabati fleti zote nne. Mtu mwingine angeanza na mabomba, ambayo yalikohoa kuliko yeye, au na choo cha chini ambacho mlango wake ulifungwa kwa kamba. Yeye alianza na dari, na akaishia na dari. Alifunika boriti zote kwa mbao nyembamba, akazipaka rangi nyeupe, kisha akaja kunichukua twende mjini kuchagua taa. “Wewe umesoma,” alisema. Nilijisikia vibaya jinsi nilivyojisikia vizuri.

Nimewaona watu wakichagua nguo, ng'ombe, na wake. Sijaona tena mtu akichagua taa kama alivyochagua yeye. Kwenye duka lile lenye taa za kila namna, alikwenda moja kwa moja kwenye zile bapa za kubandika darini, plafoniye kama tulivyoziita, sahani ya kioo chenye ukungu na maua yaliyochongwa, imezungukwa na pete ya rangi ya dhahabu. Alizishusha moja moja, akaziweka sikioni, akazigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio kama mama anayechagua chungu. Iliyolia vizuri aliiweka kushoto. Mwenye duka, mzee mvumilivu, alinyoosha mkono kwenye swichi.

“Nikuwashie uone mwanga wake?”

“Usiwashe,” mwenye nyumba alimwambia. “Taa ikiwaka, hauioni.”

Mwenye duka alinitazama akitafuta msaada. Mimi nilikuwa nikiandika maneno hayo kwenye daftari langu. Niliyaona ya kifalsafa. Tulitoka na taa kumi na mbili ambazo hakuna hata moja iliyowashwa.

Zilipokwisha kuwekwa katika fleti tatu, ikabaki ya Mama Zuhura, alinipeleka ng'ambo ya bonde. Hii ndiyo iliyokuwa njia yake, na katika mji wa vilima nadhani si yeye peke yake. Taa haikuchaguliwa kwa ajili ya mtu aliyeketi chini yake, ambaye kwa vyovyote yuko ndani na kodi anailipa. Ilichaguliwa kwa ajili ya kilima cha pili. Aliwaagiza wapangaji wote wawashe saa kumi na mbili na nusu jioni, mapazia wazi, yangu tukaiacha inawaka, na sisi wawili tukasimama upande wa pili, kando ya barabara, mbuzi wa mtu wakipita kati ya miguu yetu, tukitazama Muhima ikiingia giza. Jengo likawaka. Madirisha matatu yalitoa weupe mpole, sawasawa, kama maziwa. La nne, chini ya langu, lilikuwa na nukta moja ya njano, kali, chini kabisa, karibu na kingo ya dirisha.

Alichomoa bisibisi mfukoni, akaashiria kwayo.

“Angaria ile ya chini,” alisema. “Iko inaharibu yote. Lakini sijui inaharibu namna gani. Wewe umesoma. Sema.”

Nilijua taa ile ilikuwa ya nini. Nilijua nani ameketi chini yake na anashona nini, kwa sababu suruali yangu ilikuwa kwenye lundo. Hata hivyo nilikuwa nimeombwa maoni, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu tasnifu. Nikarudi hatua moja nyuma, nikafumba jicho moja kama niliyewahi kusomea sanaa, nikasema:

“Haina uwiano.”

Alilirudia neno lile polepole. Kesho yake asubuhi fundi umeme alikuja na ngazi, nami nikiwa najinyoa nikawasikia kwa chini, mwenye nyumba na Mama Zuhura, kwa sababu jengo lile lilikuwa na dari jipya lakini halikuwa na siri.

“Patroni, hii ni taa ya kutazamwa. Mimi nahitaji ya kutazamia.”

“Mama, wewe iko na macho mazuri.”

“Macho ninayo. Hujachukua macho, umechukua kile kingine.”

“Utazoea.”

“Basi nipe soketi hapa ukutani, niweke taa ya mezani.”

“Soketi inaharibu ukuta.”

“Kwa hiyo ukuta uone vizuri, mimi nisione.”

Nikasikia kitu kikikatwa, kisha bati la kopo likigonga sakafu. Niliendelea kunyoa. Nilijinyoa vizuri sana siku ile.

Taa mpya haikuweza kubeba balbu kubwa. Ukizidisha wati sitini kioo kilipasuka. Mvua zilipoanza, kumbikumbi waliingia kwenye sahani na kufia humo, wakalala juu ya maua yaliyochongwa, na mwanga ukapungua kila juma kwa kadiri ya wafu. Mama Zuhura alisogeza cherehani kizingitini apate mwanga wa nje. Mwenye nyumba alimrudisha ndani: wageni walikuwa wanakuja kuangalia fleti ya jirani, na cherehani mlangoni ilifanya jengo lionekane soko. Mama Zuhura akajaribu kandili. Moshi ulitia doa kola ya kanzu ya harusi, akaifua mara tatu, akailipa kwa kushona nyingine. Baadaye akawa ananiita nikitoka kazini.

“Msomi, njoo unisomee tundu la sindano.”

Nilikuwa naingia, natia uzi, narudisha sindano. Alikuwa ananishukuru. Kila jioni nilitia uzi kwenye sindano kwa mikono yangu miwili misafi na sikusema neno. Hakunishonea suruali tena; alisema ngoja apate nafasi. Wateja walianza kupungua, maana fundi anayechelewesha sare ya shule amemchelewesha mtoto, na mtoto ana mama. Wakati ule wa ukarabati wapangaji wa zamani tuliambiwa tutabaki iwapo tutaiweza kodi mpya. Kila mtu jengoni alifahamu kwamba Mama Zuhura akipoteza wateja, anapoteza na nyumba.

Ndipo mwenye nyumba akamwagiza koti. Binti yake alikuwa anaposwa, sherehe ingefanyika Rebero kwa kaka wa mwenye nyumba, naye alitaka koti la buluu, ile buluu nzito ya watu wazima. Mama Zuhura alilikata juma lilelile alilokata suti nyeusi ya mteja mwingine. Mwenye nyumba alikuja kulijaribu ukumbini, chini ya taa yake mwenyewe. Alijitazama kwenye kioo kirefu, mbele, nyuma, ubavu. Nilikuwepo, na uzi mdomoni. Alisema mabega yamekaa vizuri. Mimi pia nilisema. Tulikuwa watu wazima watatu wenye macho, na hakuna aliyeona chochote.

Katika shughuli za kuposa, kwetu, baba wa binti hasemi. Anasemewa. Kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao hutaniana hadharani, kwa maneno makali yaliyovaa adabu, na aliyetaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Tuliketi chini ya hema, pande mbili zikitazamana, na jua la saa tano la Rebero likiingia kutoka ubavuni. Mwenye nyumba alikuwa mstari wa mbele. Koti lilikuwa la buluu. Mikono ya koti hilo, yote miwili, ilikuwa myeusi.

Msemaji wa upande wa kijana alikuwa mzee mwembamba mwenye fimbo. Alisimama, akasalimu, akasifu mlima, akasifu ng'ombe, kisha akasema kwa Kinyarwanda maneno ninayoyafasiri kadiri niwezavyo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu:

“Tuliambiwa baba wa binti huyu ni mtu wa kupangisha. Tulidhani ni nyumba tu. Sasa tumeamini. Koti ni lake, mikono ni ya mpangaji.”

Hema zima lilicheka, hata upande wetu. Msemaji wetu, aliyelipwa kwa kujibu, aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Nami nilicheka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mwenye nyumba alitazama chini. Alitazama mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akaileta yote miwili mbele ya kifua chenye buluu, akailinganisha. Uso wake haukubadilika. Joto lilipozidi wanaume wote walivua makoti. Yeye hakuvua. Alikaa nalo hadi mwisho, vifungo vyote vitatu vimefungwa, akapokea mahari ya binti yake kwa mikono ile ya mtu mwingine.

Siku ya pili alimwambia Mama Zuhura ahame mwisho wa mwezi.

Safari hii nilishuka. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye utangulizi. Nilimkuta ngazini akipima swichi.

“Patroni, kosa si lake. Chini ya taa ile nyeusi na buluu ni rangi moja. Wewe mwenyewe ulilijaribu koti palepale.”

Aliendelea kupima.

“Taa, nani alichagua?”

“Wewe.”

“Na ile ya kwake, ya kopo. Nani alisema haina uwiano?”

Nilisema yale yalikuwa maoni tu. Ni neno zuri, “tu”. Limewaokoa watu wengi.

“Maoni ya musomi iko kama saruji,” alisema, akirudisha bisibisi mfukoni. “Ukishamwaga, hauwezi kuzoa.”

Nilipanda juu. Sikuteremka kwenda kumwambia Mama Zuhura nani alikuwa amemwaga. Alihama Alhamisi, cherehani ikiwa juu ya mkokoteni imefunikwa shuka. Mimi nilimbebea furushi la vitambaa hadi barabarani, kwa ule wema wa mtu anayechagua kubeba kilicho chepesi.

Fleti ya chini ilikuja kutazamwa na wageni watatu. Mmoja wao, mama wa shirika fulani, aliingia ukumbini, akatazama juu kama mwenye nyumba alivyotabiri, akatazama kwa makini, kisha akauliza kama ile taa inaweza kuondolewa. Mwenye nyumba alinisimulia hayo mwenyewe, akiwa amekaa kwenye veranda yangu bila kualikwa. Hakucheka. Fleti ilibaki tupu mwaka mzima.

Mwanzoni mwa 1994, kabla ya safari yangu ya Bukoba, nilikwenda Nyamirambo kumtafuta Mama Zuhura. Nilikuwa na suruali ya kupunguza pindo. Ile aliyonishonea sikuweza kuivaa tena, ila hii ilikuwa mpya, imenunuliwa tayari, na ilinifaa kama kisingizio. Nilikuwa nimengoja mwaka na zaidi. Alikuwa ameweka cherehani kwenye baraza la duka la nafaka, linalotazama barabara, mwanga wa saa nne ukimwagika hadi kwenye meza. Mbele yake, juu ya kigoda cha wateja, ameketi mwenye nyumba wetu na funguo mkononi. Nilisimama kando. Hawakunisalimu, walikuwa kazini.

“Rudi nyumbani,” alikuwa anasema.

“Nyumba yako nzuri, patroni. Inamfaa mtu asiye na kazi.”

“Sijasema iko nzuri. Nasema rudi. Toboa dari. Weka waya yako, weka kopo, weka soketi mahali unataka.”

“Mwaka mzima umelala nayo tupu, leo ndiyo unanikumbuka.”

“Sijakukumbuka leo.” Alizungusha funguo kwenye kidole. “Ile siku ya koti, mimi nilijiangaria kwa kioo. Sikuona. Na macho yangu iko mazima. Basi taa iko mbaya. Ndiyo nilikuja kusema.”

Mama Zuhura alifika mwisho wa mshono, akainua mguu wa cherehani, akakata uzi kwa meno. Hakuharakisha.

“Nimekusikia, patroni. Sirudi. Lakini nimekusikia.”

Mwenye nyumba akainuka. Mpini wa bisibisi ulichungulia mfukoni. Alipopita karibu nami alisema, “Musomi,” kama mtu anayehesabu kitu kilichopo, akateremka barabarani kuelekea mjini, mgongo umenyooka. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona.

Niliketi kwenye kigoda, kikiwa bado na joto. Nikampa suruali. Mama Zuhura aliigeuza ndani nje, akaikunjua pindo, akachomeka pini mdomoni, na mimi nikaanza. Nilimwambia kuhusu kilima cha ng'ambo, kuhusu nukta ya njano, kuhusu neno lile. Nilieleza pia mazingira, maana sisi wasomi hatuwezi kukiri bila mazingira. Aliniacha nimalize. Alichomoa pini.

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu asubuhi ileile. Fundi alikuwa bado juu ya ngazi. Aliniambia, 'Musomi amesema.' Alikusifu sana.”

Nikahesabu jioni zote zile za uzi na sindano.

“Mbona hukuniambia, Mama Zuhura?”

“Nikwambie nini? Maneno yalikuwa yako. Nilikuwa nakuita kila siku uje uyatoe, wewe unatia uzi unaondoka.” Aliweka pini kwenye pindo, moja, nyingine, zimepangana. “Mwenye nyumba kayaleta yake leo, kwa mdomo wake, nami nilikuwa sijamwita. Wewe umeleta suruali.”